Milimita Mia Tatu na Tisini

Nimefundisha hesabu kwa miaka thelathini na moja, na katika miaka hiyo yote sijawahi kumpa mwanafunzi alama kwa jibu lililokaribia. Ukikosa kwa moja umekosa, rudi ukae. Wanafunzi wamenipa majina kwa sababu hiyo, mengine nayajua, na hakuna hata moja lililoninyima usingizi. Nalisema hili mapema ili msomaji ajue ni mtu wa namna gani aliyesimama kwenye kaunta ya duka la tairi mjini Kisumu, Jumatatu moja asubuhi wakati wa likizo, akitafuta saizi ambayo hakuna mtu aliyewahi kuisikia.

Gari langu ni la Kifaransa, salun ndefu ya rangi ya maziwa, na umri wake unamzidi mwanangu wa kwanza. Wakati mmoja magari ya ukoo huo yalijaa barabara zote za Nyanza, yakibeba watu, samaki na maiti. Lakini langu lilitoka kiwandani na rimu za fahari, za aloi, na Wafaransa wale, kwa sababu wanazozijua wenyewe, waliamua kuzipima kwa milimita. Dunia nzima inahesabu rimu kwa inchi: kumi na tatu, kumi na nne, kumi na tano. Zangu zimeandikwa mia tatu na tisini. Tairi nne za mwisho nilizipata Nairobi miaka mingi iliyopita, kwa mzee aliyekuwa akifunga duka, na tangu hapo nilikuwa nikizitunza kama mayai. Sasa meno yalikuwa yameisha na ubavuni zilikuwa na nyufa za kuingiza kucha.

Mwenye akili angeuza gari. Nilikuwa nimeshaambiwa hivyo na mke wangu, na fundi wangu, na kasisi wetu. Lakini baba yangu, anayekaa nasi mjini, alivunjika nyonga miaka mitatu iliyopita, na tangu ilipounga, kiti cha mbele cha gari lile ndicho kiti pekee cha gari anachoweza kukalia. Kile kiti kina kimo cha kitanda chake na ulaini wa kitanda chake. Anageuka, anakaa, anaingiza miguu mmoja mmoja, basi. Gari la chini linamkunja na gari la juu linamtaka apande. Tumeyajaribu mengi.

Na Jumamosi ya wiki ile ilikuwa lazima Baba afike nyumbani, mbele kidogo ya Kendu Bay, kwa kazi ambayo sikutaka ifanywe na mtu mwingine yeyote.

Kwetu sisi Wajaluo, mwanamume hajitokei tu akajenga boma lake. Anaanza kwa kibanda ndani ya boma la baba, karibu na lango, na hata akioa, akizaa, akijenga maghorofa mjini, kwa hesabu ya nyumbani bado ni mtoto wa mle ndani. Siku ya kutoka, baba yake humwongoza alfajiri mpaka kwenye ardhi yake mpya, humwonyesha mahali kwa mkono wake, huchimbia nguzo ya kwanza, na nyumba husimama siku hiyo hiyo. Baba akiwa amekufa, ami anaweza kushika nafasi. Watu hufanya hivyo na boma husimama, lakini nimewaona wanaume wazima wakionyeshwa ardhi na ami zao, na nimeona walivyokuwa wakitazama pembeni.

Mimi nilikuwa na miaka hamsini na tisa na bado sikuwa nimetoka. Leo nasomesha, kesho nalipa hospitali, keshokutwa mvua. Na kwa kuwa mimi ndiye kifungua mimba, ndugu zangu wawili wanaonifuata nao walikuwa wamefungiwa nyuma yangu, kwani mdogo hamtangulii mkubwa. Yule wa mwisho ana mvi kunishinda, na kila Krismasi alikuwa akiniuliza, kwa heshima zote, kama nangoja apate kitukuu. Baba ana miaka themanini na tisa. Jicho la kushoto lilikuwa limeshakwenda na la kulia lilikuwa linaaga. Yeye ndiye aliyetaja siku.

"Jumamosi," alisema. "Nikingoja zaidi nitakuonyesha ardhi kwa jicho la kuazima."

Basi nikaenda kutafuta tairi. Katika duka la kwanza mama aliyekuwa kaunta aliisoma karatasi yangu, akaigeuza, akaisoma tena.

"Mwalimu, hii ni saizi ama ni bei?"

Duka zima lilicheka. Mimi sikucheka. Duka la pili walinishauri nijaribu Nairobi, na Nairobi wakaniambia kwa simu kwamba zinaweza kuagizwa ng'ambo, wiki sita, nane, hawakuahidi. Duka la tatu waliniambia niuze gari, na nikawauliza kama wao ni kasisi wangu. Nilikwenda Kondele kwa wauza tairi za mitumba, wakapanda juu ya marundo yao na kunirushia kila kitu kilichokuwa duara. Kufikia jioni nilikuwa nimeumaliza mji, na mikono yangu ilikuwa myeusi mpaka kwenye viwiko.

Rafiki yangu mmoja wa Milimani, daktari, alisikia habari na kunitolea gari lake kubwa, jipya, na dereva juu. Alilileta mwenyewe mpaka mlangoni. Baba alilizunguka kwa mkongojo wake, akalisifu, kisha akainua mguu kulipanda. Alifika nusu. Nilimwona akishika mlango kwa mikono miwili na jasho likimtoka puani, halafu akaushusha mguu taratibu na kumwambia daktari kwamba gari ni zuri sana. Daktari aliondoka na gari lake, nami nikaingia ndani kuchukua kalamu.

Mia tatu na tisini gawanya kwa ishirini na tano nukta nne. Kumi na tano nukta tatu tano. Nilifurahi kama mtu aliyefichua siri ya serikali. Kumi na tano na kitu, tena kitu kidogo. Jumanne asubuhi nilinunua tairi nne mpya za inchi kumi na tano na kuzipeleka kwa fundi wa pancha wa Kondele, mtu mzima mwenye mabega ya mchukuzi. Alipaka sabuni, akaingiza chuma, akapiga nyundo, akasimama juu yake, akamwita mwenzake naye akasimama. Tairi ilikataa. Pembeni mwa tairi mna waya wa chuma, na waya hauna huruma hata ya milimita tano. Alinyoosha mgongo na kuniambia kuwa hii haiingii leo wala kesho.

Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo ningemchapia mtoto wa mtu enzi zile tulipokuwa tukichapa. Nilirudi dukani nikabadilisha za kumi na tano kwa kumi na sita. Hizo ziliingia bila hata kuombwa. Fundi aliishika moja akaitikisa, nayo ikacheza. Alinitazama. Akasema tunaweza kuweka tyubu ndani, itashika upepo, lakini nisikimbie. Nilijua hesabu inakataa. Mtu aliyefundisha kipenyo miaka thelathini na moja alisimama pale, akatazama pengo kwa macho yake mawili mazima, akasema weka tyubu. Jumamosi ilikuwa inanisukuma mgongoni, na pia nilikuwa nimechoka kuchekwa.

Nina sifa moja lakini, nayo ni kwamba huwa nafanya jaribio. Jumatano niliamua kwenda na kurudi nikiwa peke yangu kabla ya kumpakia Baba. Kadi yake ya kliniki ilisema kilo hamsini na nane, kwa hiyo kwenye kiti chake niliweka magunia mawili ya mchele ya kilo ishirini na tano na ndoo ya maharagwe ya kilo nane, nikayafunga mkanda. Uzito ule niliupata sawasawa kabisa. Mke wangu alitoka, akayatazama magunia yaliyofungwa mkanda, akarudi ndani.

Mpaka Ahero sikusikia kitu. Nilianza hata kuimba. Nilipofika Katito nilikata kulia kuingia barabara ya Kendu Bay, mwendo wa kawaida tu, na gurudumu la mbele kushoto likavua tairi yake. Usukani ulinitoka mikononi, gari likateleza upande na kusimama ndani ya rundo la mchanga wa mjenzi, mbele ya watu wote wa soko. Maharagwe yalikuwa yamejaa kila mahali. Gunia la chini lilishikwa na mkanda. La juu lilikuwa limeruka, likagonga dashibodi na kupasuka kichwani, na mchele ulikuwa ukimwagika polepole sakafuni, mahali ambapo Baba huweka miguu.

Niliogopa. Sina neno jingine la kulipamba hilo. Watu walikuwa wakigonga kioo kuniuliza kama ni mzima, nami nilikuwa nautazama mchele tu, na mikono yangu haikutaka kuachia usukani.

Aliyenitoa garini ni mama mmoja aliyekuwa akiuza maji kwa mkokoteni wa punda. Alikuwa wa rika la mke wangu, mwembamba, ana kanga kiunoni na shati la mwanaume. Hakunipa pole. Alichuchumaa kwenye gurudumu, akaingiza kidole kati ya rimu na tairi.

"Baba, hii tairi si ya hii rimu. Nani alikufungia?"

Nilimwambia fundi alinionya na mimi ndiye niliyeamuru. Alinitazama vizuri zaidi baada ya jibu hilo. Kisha akahesabu nati kwa kidole, moja mpaka nne, akasimama, akanishika mkono wa shati na kunipeleka kwenye mkokoteni wake kana kwamba ananionyesha choo. Mkokoteni wenyewe ulikuwa mbao na mitungi, na chini yake ekseli ya gari na magurudumu mawili ya chuma yenye kutu. Nati nne. Umbali kati ya nati na nati niliupima kwa kiganja, halafu nikarudi garini nikapima kule, halafu nikarudi tena, na watu wa soko wakanisindikiza huku na huku.

Gari lililotoa ekseli ile lilikuwa la marehemu mume wake. Lilikuwa ndugu wa langu, lile refu la abiria, na alikuwa akilifanyia teksi kati ya Katito na Kendu Bay mpaka injini ikafa. Yeye mwenyewe alifuata baadaye. Bati waliuza, na ekseli zikagawanywa: ya nyuma kwa mama huyu, ya mbele kwa shemeji yake anayebeba mchanga. Gari moja lilikuwa limezaa mikokoteni miwili. Na rimu zake zilikuwa za inchi kumi na nne, saizi ambayo duka lolote la Kisumu lingenipa huku muuzaji akipiga miayo. Kumbe kwa siku tatu nilikuwa nikitafuta tairi wakati nilichohitaji kilikuwa rimu. Kuuliza si ujinga, lakini mtu anaweza kuuliza swali lisilo lake kwa bidii sana.

Nilimwambia anitajie bei. Alikataa kutaja. Pesa, alisema, haitabeba maji kesho asubuhi, hoteli tano zinamngoja na punda hawezi kuvuta noti. Akaniuliza safari yenyewe ni ya nini hata nifunge mchele mkanda. Nikamweleza kuhusu Baba, nyonga, jicho, Jumamosi. Alimfukuzia punda nzi.

"Mume wangu alikufa kabla hajatolewa," akasema. "Baba yake alikuwa anasema mwaka ujao, yeye pia anasema mwaka ujao. Mpaka leo mimi naishi ndani ya lango ya shemeji. Mtoto wangu akitaka kujenga, ataulizwa baba yako alitokea wapi." Alipiga gurudumu lake teke dogo. "Chukua. Mzee akuonyeshe akiwa bado anaona. Lakini mimi nipe miguu ingine, punda isilale njaa."

Miguu mingine nilikuwa nayo. Tairi zangu kuukuu, zile za nyufa, zilikuwa zimelala nyuma ya nyumba yangu mjini, na zikirudishwa kwenye aloi zangu, kwa mwendo wa punda zilikuwa na miaka kumi mbele yao. Niliacha gari pale kwenye mchanga na kurudi Kisumu kuzichukua, pamoja na tairi nne mpya za kumi na nne. Alhamisi saa nne asubuhi, maji yakiwa yameshagawanywa, fundi wa Katito aliivua mikokoteni yote miwili na kuivua salun yangu, na kwa muda wa saa moja hivi hakuna aliyekuwa na magurudumu pale isipokuwa fundi na baiskeli yake. Shemeji hakuulizwa sana. Alipoanza kusema, mama yule alimwambia jambo moja kwa Kijaluo, la chini chini, naye akaenda kushika jeki.

Fundi alipotaka kufunga rimu za chuma kwa nati zangu, mama alimzuia. Nati za aloi zina shingo ndefu, alisema, zitagusa mwisho kabla hazijabana chuma. Za mikokoteni zilikuwa zimeliwa na kutu, kwa hiyo alitoa za akiba kutoka kwenye kopo la siagi, zikiwa zimepakwa grisi, zote kumi na sita, alizokuwa amezitunza tangu mumewe alipokuwa hai. Niliona haya, na niliona furaha ndani ya ile haya. Mimi ningezifunga zangu na kuondoka nikiimba. Nilimshukuru kwa Kiswahili, kisha nikamshukuru kwa Kijaluo, na alisema niende, nimemzibia njia.

Mikokoteni ikaondoka na aloi za Kifaransa zikimetameta chini ya mitungi. Gari langu likabaki limesimama juu ya rimu za kutu kama bwana harusi aliyevaa gambuti. Nililiendesha mpaka Kendu Bay na kurudi, nikalipiga kona zote, kulia na kushoto, na mchele mwingine kwenye kiti. Hakuna punje iliyomwagika.

Ijumaa mchana Baba aligeuka, akakaa, akaingiza mguu mmoja, akaingiza wa pili. Nilimfunga mkanda mwenyewe. Njia nzima alikuwa akitaja vijiji kwa kuhisi kona, na alikosea kimoja tu. Usiku ule tulilala katika boma lake, mimi na mke wangu katika kibanda changu cha ujana karibu na lango, ambacho mlango wake haujawahi kufunga vizuri.

Alfajiri nililipeleka gari kwenye ardhi yenyewe kupitia shamba la mtama, na kila mtu akatembea nyuma yetu na kile ambacho mila inamtaka abebe: mwanangu wa kwanza na shoka begani, mke wangu na moto katika chungu, ndugu zangu na nguzo na bati. Jogoo nilikuwa naye mimi, kwapani, nikiendesha kwa mkono mmoja. Nilikuwa nimeshapima kila kitu mwezi wa pili kwa futi kamba, na kigingi changu chekundu kilikuwa kimesimama mahali pa nyumba. Baba alishuka. Alisimama akiegemea mlango mpaka jicho lake likapata mwanga, akatazama, akatembea na mkongojo wake akakipita kigingi changu bila kukijali, hatua kumi na moja kupanda juu. Akachoma mkongojo ardhini.

"Pale chini maji hukaa mwezi wa nne," alisema. "Jenga hapa."

Nilikuwa nimepima wakati wa kiangazi. Sikubisha. Alishika nguzo ya kwanza kwa mikono yake, mwanangu akichimba, nami nikamshika Baba kiunoni kutoka nyuma ili asianguke. Nguzo iliposimama aliipigapiga kama mtu anayempigapiga ng'ombe, kisha akaninong'onezea, maana nilikuwa karibu na sikio lake:

"Umetoka. Kuanzia leo nikija hapa nitapiga hodi."

Nililia mbele ya ndugu zangu na mbele ya mwanangu, na jogoo alikuwa akitoroka kwenye mtama na sikumfuata. Mdogo wangu wa mwisho alimkimbilia yeye, akicheka na kulia, kwa sababu lango lilikuwa limefunguka kwake pia.

Kuna jambo nililolijua tangu mwanzo lakini sikuwa nimelifikiria. Aliyetolewa haondoki. Anabaki, anajenga, analala katika nyumba yake mpya, na haruhusiwi kurudi kupitia lango la baba yake siku ile kama mtoto wa mle. Baba alikuwa amechoka na jua lilikuwa limeanza kuchoma, ilibidi arudishwe akalale. Kwa hiyo nilimkalisha kwenye kiti chake, nikainua miguu yake mmoja mmoja, nikafunga mkanda, na nikampa ndugu yangu ufunguo. Nilimwambia kona ya mtama aipige taratibu. Alisema amesikia.

Nilisimama nikilitazama gari likishuka shambani na kichwa cha Baba kikitikisika kidogo kwenye kiti, mpaka likaingia kwenye lango lake, lango ambalo nimepita maisha yangu yote bila kubisha hodi. Mke wangu aliniita. Kulikuwa na bati ishirini na nne za kupigilia na nyumba ilitakiwa iwe na paa kabla jua halijatua, kwa hiyo nikachukua nyundo.